Zabuni zimehamia kwenye kompyuta, mtaji bado uko mfukoni

MWENYE duka la saruji na mabati pale Kawetele, mjini Tukuyu, leo anaweza kuomba zabuni ya Halmashauri ya Wilaya ya Rungwe bila kukanyaga ofisi ya Halmashauri. Anaweza vilevile kuomba ya Kyela, ya Jiji la Mbeya au ya wizara iliyoko Dodoma. Hilo ndilo lililobadilika tangu Julai 1, 2023, Serikali ilipoanza kutumia Mfumo wa Taifa wa Ununuzi wa Umma wa Kielektroniki, ujulikanao kwa kifupi kama NeST. Lisilosemwa sana ni upande wa pili wa habari hiyo. Mwenye duka wa Makambako au wa Kariakoo naye anaweza kuomba zabuni ya Rungwe bila hata kujua Kawetele iko upande gani wa barabara ya Kyela.

Ukurasa huu hauna haja ya kuuliza kama mfumo ni mzuri au mbaya. Swali la msomaji wetu ni la mfukoni: mtu mwenye mtaji wa milioni chache akiingia humo, atatoka na faida au atatoka na deni?

Wazee wa biashara wanaikumbuka Bodi Kuu ya Zabuni ya Dar es Salaam. Tangazo lilitoka gazetini, ukanunua nyaraka, ukajaza nakala zake, ukaziweka kwenye bahasha iliyopigwa lakiri na kuitumbukiza katika sanduku la zabuni kabla ya saa iliyotajwa. Kwa mtu wa Tukuyu, gazeti lenyewe lilifika likiwa limechoka, na wakati mwingine muda nao ulikuwa umekwisha. Zabuni za wilayani zilikuwa na mambo yake. Aliyekuwa na jamaa ndani alipata habari mapema, na kila mtu alijua maana ya "asilimia kumi".

Sheria zimebadilika mara kwa mara. Ilikuja Sheria Na. 3 ya 2001. Ikafuata Na. 21 ya 2004, iliyozaa Mamlaka ya Udhibiti wa Ununuzi wa Umma, PPRA, halafu Na. 7 ya 2011, na sasa tunayo Na. 10 ya 2023 ambayo kanuni zake zilitoka mwaka 2024. Sheria nne katika miaka 22 si haba kwa nchi ambayo mfanyabiashara wake mdogo hana mwanasheria. Kompyuta nazo hazikuanza na NeST. Kabla yake kulikuwa na TANePS, mfumo uliotengenezwa kwa msaada wa kampuni ya nje na ulioanza kwa majaribio mwaka 2018. Watumiaji waliulalamikia, taasisi nyingi ziliendelea kununua nje yake, na kufikia Oktoba 2023 ukawa umewekwa kando. NeST umejengwa na wataalamu wa hapa hapa nchini.

Hatuko peke yetu katika njia hii. Korea Kusini iliufungua mfumo wake wa kitaifa mwaka 2002, na Rwanda ilianza na wake, Umucyo, mwaka 2016. Kenya ilipotaka kulazimisha wa kwake mwaka 2025, suala liliishia Mahakama Kuu. Kwetu ubishi haukufika huko. Taasisi ya umma inatakiwa kununua kupitia NeST, na mzabuni asiyesajiliwa humo, kwa lugha ya mitaani, hayupo.

KINACHOTAKIWA MLANGONI

Usajili wenyewe si mlima. Unatakiwa uwe na namba ya mlipakodi, yaani TIN, leseni ya biashara inayolingana na unachotaka kuuza, usajili wa BRELA kama una kampuni au jina la biashara, na hati ya TRA kuonyesha kwamba hudaiwi kodi. Mkandarasi anahitaji pia usajili wa Bodi ya Makandarasi. Mfumo umeunganishwa na taasisi hizo, kwa hiyo karatasi ya kughushi inayopita machoni pa karani haipiti hapa kirahisi. Baada ya hapo unachagua aina ya biashara utakayoombea zabuni. Hapa wengi hujikwaa. Mwenye leseni ya vifaa vya ujenzi anayetaka pia kuuza vyakula kwenye shule ya bweni hawezi kuomba tu kwa sababu ana maharage stoo. Aina hiyo ya biashara lazima iwe kwenye leseni na iwe kwenye usajili wake.

Hati ya kodi ndiyo inayowaangusha watu saa ya mwisho. Mfanyabiashara anakaa mwaka mzima bila kupeleka ritani, zabuni inatangazwa Jumatatu na kufungwa wiki inayofuata, ndipo anakumbuka kwenda TRA. Huko anakuta deni na adhabu ambazo hakuzitarajia. Asiyekuwa na nia ya kuweka hesabu zake za kodi sawa asipoteze muda wake na NeST.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wataalamu wa semina hawaligusi. Wafanyabiashara wengi wa miji midogo kama Tukuyu hawana kompyuta dukani. Wanakwenda steshenari. Kijana wa steshenari anawafungulia akaunti, anawatungia nenosiri na kulihifadhi, anawapandishia nyaraka na mwishowe anawaandikia bei. Kwa fomu ya mkopo wa mwanafunzi hilo halina neno. Kwa zabuni ni hatari tupu. Kama steshenari moja inawahudumia wazabuni watatu wa saruji wanaogombea kazi moja, basi yuko mtu mmoja mjini anayezijua bei zote tatu kabla ya siku ya kufungua. Serikali imetumia fedha nyingi kuzifungia bei zetu ndani ya kompyuta, halafu sisi tunakwenda kuzitaja kwa sauti juu ya meza ya fotokopi.

Simu ya kisasa na kifurushi cha intaneti vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii. Kama ni lazima kwenda steshenari, nenosiri liandike mwenyewe, baruapepe iwe yako, na bei ijaze wewe mwisho kabisa. Wala usingoje saa za mwisho. Mfumo unafunga kwa saa yake, na mvua ya Tukuyu ikikata umeme saa tisa alasiri hakuna wa kumwomba akufungulie dirisha.

HESABU YA MIFUKO 400

Tuchukue mfano, wenye tarakimu za kubuni lakini zisizo mbali na maisha. Shule inajengewa madarasa, na inatakiwa mifuko 400 ya saruji. Kiwanda kiko Songwe, karibu na Mbeya, na kutoka Mbeya hadi Tukuyu ni kilomita kama 70 za lami. Tuseme mfuko unaununua kwa jumla Sh. 17,000. Usafiri hadi Tukuyu ni Sh. 1,000. Kuushusha, kuutunza usipate unyevu na kuufikisha kwenye eneo la ujenzi ni Sh. 500. Mfuko umekugharimu Sh. 18,500, na mifuko 400 ni Sh. 7,400,000.

Unajua wenzako wataomba kwa bei ya chini, kwa hiyo unaweka Sh. 19,500 kwa mfuko. Jumla ni Sh. 7,800,000, na faida kwenye karatasi ni Sh. 400,000. Unashinda. Mtaani wanakupongeza.

Kwanza Serikali inapokulipa inakata kodi ya zuio ya asilimia 2 kwa bidhaa, ambayo hapa ni Sh. 156,000. Fedha hiyo haijapotea, maana itahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, lakini leo haiko mkononi mwako. Pili, na hapa ndipo penye mwiba, mtaji ulikuwa wa kukopa. Tuseme umekopa Sh. milioni 7.4 kwa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, kiwango ambacho si cha ajabu kwa wakopeshaji wadogo. Kila mwezi unaopita unakula Sh. 222,000. Ukilipwa baada ya mwezi mmoja, faida yako inabaki Sh. 178,000, na ukiondoa kodi ya zuio mkononi unashika Sh. 22,000. Ukilipwa baada ya miezi mitatu, riba ni Sh. 666,000. Umepata hasara ya Sh. 266,000 kwa kuiuzia Serikali saruji ambayo ungeiuza dukani taratibu kwa fedha taslimu.

Ili usipate hasara kwa kungoja miezi mitatu, bei yako ilipaswa kuwa zaidi ya Sh. 20,165 kwa mfuko, na hapo hatujasema lolote juu ya faida. Lakini kwa bei hiyo atakushinda mwenye mtaji wake mwenyewe asiyelipa riba. Sheria na kompyuta zimewaweka wazabuni wote mstari mmoja wa kuanzia. Hazikuwapa wote miguu sawa.

Kwa sababu hiyo, bei ya zabuni haianzii kwenye bei ya jirani. Inaanzia kwenye siku za malipo. Kabla ya kujaza tarakimu yoyote, fungua nyaraka na utafute kipengele cha malipo, kisha uulize mjini jinsi taasisi hiyo ilivyowalipa watu mwaka jana. Zipo taasisi zinazolipa vizuri na zipo zinazolipa fungu likija. Nyaraka nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza kigumu, kwa hiyo usione haya kumlipa mtu akusomee. Mabenki makubwa yanatoa mikopo inayotegemea hati ya ununuzi, ile LPO, na mara nyingi riba yake ni nafuu kuliko ya mkopeshaji wa mtaani. Shida ni kwamba benki inataka kukufahamu kabla, si siku unayokuja na LPO mkononi.

UMBALI NI RAFIKI WA MTU WA RUNGWE

Wako wanaosema NeST umewaua wazabuni wa wilayani kwa kuwaingiza watu wa Dar es Salaam. Kwa baadhi ya bidhaa ni kweli. Kompyuta, karatasi, vifaa vya maabara na sare ni vitu vyepesi vyenye thamani kubwa. Mtu wa Kariakoo ananunua kwa bei ambayo mtu wa Tukuyu hataiona kamwe, anatupia mzigo kwenye basi, na kesho yake umefika. Kupigana naye huko ni kupoteza usiku.

Lakini hakuna atakayeleta mchanga kutoka Dar es Salaam. Wala kokoto, mawe, tofali au mbao, ikiwa msitu wa kupandwa wa Kiwira uko ndani ya wilaya. Kitu kizito chenye thamani ndogo kwa kilo hulindwa na nauli. Vivyo hivyo vinavyooza. Shule za bweni, vyuo na hospitali vinakula kila siku, na Rungwe ni nchi ya ndizi, viazi, maharage na maziwa, huku mchele wa Kyela ukiwa chini tu ya mteremko. Mfanyabiashara wa Kawetele anayejua bei ya viazi ya leo asubuhi ana silaha ambayo kompyuta ya Dar es Salaam haina. Binafsi ningeacha saruji kwa wenye maghala na kuingia kwenye chakula. Zabuni ya chakula hurudia mwaka mzima, mzigo ni mdogo mdogo, na mtaji unazunguka badala ya kulala stoo.

Ujenzi wa shule na zahanati una utaratibu wake, ule unaoitwa fosi akaunti, ambapo mkandarasi mkubwa hahusiki. Taasisi hununua vifaa yenyewe na kuajiri fundi. Mwaka 2021, fedha za mkopo wa kupambana na UVIKO-19 zilipojenga madarasa 15,000 nchini kwa Sh. milioni 20 kila darasa, fedha nyingi zilipita katika njia hiyo. Kijijini maana yake ilikuwa kwamba saruji ilitoka duka la jirani na fundi alikuwa mtoto wa hapo hapo. Tangu mfumo mpya uingie, duka hilo na fundi huyo nao wanatakiwa wawe wamesajiliwa. Wasiposajiliwa, kamati ya shule inamchukua aliyepo kwenye mfumo hata kama anatoka wilaya nyingine. Malalamiko juu ya ucheleweshaji na juu ya mafundi wanaotoka mbali yamefika mpaka Bungeni.

Malalamiko hayo yana ukweli, ila yana dawa ya bei rahisi. Kata yenye maduka matano na mafundi kumi waliosajiliwa ina nafasi kubwa ya kubakiza fedha za darasa lake. Kata isiyo na hata mmoja itatazama malori yakipita. Fundi mashuhuri asiye na TIN alikuwa anapata kazi kwa sifa zake mwaka 2021, lakini leo sifa hizo kompyuta haizioni.

Lipo fungu jingine ambalo Kawetele isilifumbie macho. Sheria inataka kila taasisi ya umma itenge asilimia 30 ya ununuzi wake wa mwaka kwa makundi maalumu, yaani wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Kikundi hakijisajili kama duka. Kinaanzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa Halmashauri, na kinatakiwa kiwe na katiba, viongozi na akaunti ya benki. Akina mama wanaokopeshana kila Jumapili tayari wana nusu ya vitu hivyo. Ushindani ndani ya fungu hilo ni mdogo kuliko nje, na wenye makampuni wanalijua hilo. Ndiyo maana huja vijijini kutafuta kikundi cha kukivaa kama koti. Kikundi kinachotia saini kwa ajili ya mtu mwingine ndicho kitakachofungiwa kazi ikiharibika. Mwenye koti hatapatikana.

KWA WENYE FEDHA ZA KUWEKA

Wawekezaji wadogo wasiouza saruji wala viazi nao wana sababu ya kuufahamu mfumo huu. Mjini kumezoeleka mtindo wa kuweka fedha kwenye zabuni ya mtu. Jamaa anakuja na LPO, anasema anahitaji milioni tano za kununulia mzigo, na mtagawana faida akilipwa. Fedha nyingi za walimu wastaafu na za watu waliouza mashamba zimepotelea hapo, kwa sababu LPO inaweza kuchapwa steshenari kwa dakika kumi.

Sasa upo mlango wa kuchungulia. Zabuni zinazotangazwa na mikataba iliyotolewa huonekana kwenye ukurasa wa wazi wa NeST bila nenosiri lolote. Kabla ya kutoa hata shilingi, mwambie jamaa akutajie namba ya zabuni na taasisi, kisha uitafute mwenyewe kwenye simu yako. Isipoonekana humo, yeye ndiye mwenye kazi ya kukueleza kwa nini. Ikionekana, linganisha jina la mshindi na jina la mtu aliyekaa mbele yako, kisha mwombe hesabu kama ile ya mifuko 400. Asiyeweza kuonyesha siku za malipo na kodi ya zuio katika hesabu yake hajui kama atapata faida, hata kama zabuni ni ya kweli.

Anayeshindwa isivyo haki ana pa kwenda. Malalamiko huanzia kwa ofisa masuuli wa taasisi, ambaye kwa Halmashauri ni mkurugenzi mtendaji, na asiporidhika anakwenda Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Siku zenyewe zinahesabika kwa vidole vya mkono tangu unapopewa taarifa ya nia ya kutoa tuzo. Kwa hiyo anayefungua akaunti yake mara moja kwa mwezi atakuta haki yake imekwisha muda. Fungua kila siku, hasa baada ya zabuni kufungwa.

Mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1, na mipango ya ununuzi ya mwaka ya kila taasisi huingizwa kwenye mfumo. Kisichokuwamo kwenye mpango hakinunuliwi. Mfanyabiashara wa Kawetele akiusoma mpango wa Rungwe, wa jirani zao Busokelo na wa Kyela mwanzoni mwa mwaka, atajua ni shule ipi itahitaji mbao, na kwa makisio ya robo ipi. Mbao ya kukauka vizuri kwenye unyevu wa Tukuyu inataka miezi, na anayeanza kuikata siku zabuni inapotangazwa amekwisha chelewa.